Fizi na Baraka: mwanamke anayepigwa nyumbani asirudishwe tena na neno «vumilia»

Kila mtu anayekaa Baraka, Mboko ao Fizi-centre anaijua sauti hii. Usiku umeingia, watu wamelala. Mlango unapigwa teke, sufuria inaanguka, mtoto analia, na mama anaomba msamaha kwa kosa ambalo yeye mwenyewe halijui. Katika paseli ya pili watu wanaamka, wanasikiliza. Mmoja anauliza: «Ni kwa nani?» Mwingine anajibu: «Ni kwa baba fulani, wamezoea.» Taa inazimwa.

Asubuhi mama huyo anakwenda kuteka maji, jicho limevimba. Anasema ameanguka. Wote wanaosimama naye kwenye robine wanajua kama hakuanguka. Jioni mama mmoja mzee anamwita pembeni na kumwambia kwa sauti ya upole: «Mwanangu, vumilia, ndoa ndiyo hivyo.» Mama mzee hana roho mbaya. Anatoa dawa aliyopewa yeye pia alipokuwa kijana. Lakini dawa hiyo imeshazika wengi.

Kuna jambo moja ambalo viongozi, makanisa, misikiti na mashirika ya Fizi wanapaswa kulikubali bila kuzunguka. Msaada wa kwanza wa mwanamke anayepigwa hautoki Kinshasa, hautoki Bukavu, wala hautoki kwenye gari la shirika. Unatoka kwa jirani. Jirani akisema «vumilia», milango mingine yote inafungwa siku hiyohiyo: kituo cha afya, polisi, mahakama. Jirani akisema «ingia, keti, nani atabaki na watoto?», milango hiyo inaanza kufunguka. Kwa hiyo kazi ya kulinda wanawake ni lazima ianzie pale, kwa watu wa kartie na wa kijiji, na watu hao wafundishwe kuifanya vizuri.

Fizi haiwezi kusema kama haijui kuzungumza juu ya ukatili. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011, askari jeshi walivamia Fizi-centre na kubaka wanawake wengi. Wiki chache tu kisha hapo, mahakama ya kijeshi inayotembea ilikuja kukaa Baraka. Wanawake 49 walitoa ushuhuda. Tarehe 21 Februari 2011, luteni-kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 ya kifungo kwa makosa juu ya ubinadamu, na askari wengine waliokuwa chini yake wakahukumiwa pia. Dunia nzima ilisikia jina la Baraka siku hiyo.

Wanawake wale hawakuwa na roho ya chuma kuliko wengine. Walisema kwa sababu mahakama iliwafuata walipo, mawakili walikuwepo, na hawakusimama peke yao. Hilo ndilo somo la Baraka: mwanamke anasema anapokuwa na watu nyuma yake.

Sasa mtu ajiulize: kama mkono uliopiga si wa askari, ni wa bwana yake, nani anasimama nyuma yake? Kwa ubakaji wa vita kulikuja sheria, waandishi wa habari, pesa na mahakama. Kwa mapigo ya nyumbani kulibaki neno moja tu, lile la mama mzee.

Na tatizo hili si dogo. Uchunguzi mkubwa wa afya na watu uliofanywa katika inchi yote miaka 2013 na 2014 ulionyesha kama wanawake 52 kwa 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikwisha kupigwa ao kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15. Wanawake 27 kwa 100 walikwisha kutendewa ukatili wa kingono katika maisha yao. Na kati ya wale walioolewa ao waliowahi kuolewa, zaidi ya nusu walisema waliteswa na bwana ao mwenzi wao: kwa maneno, kwa mkono, ao kitandani. Katika uchunguzi huohuo, wanawake karibu 3 kwa 4 walisema kuna sababu ambayo inampa bwana haki ya kumpiga bibi yake. Yaani yule anayepigwa mwenyewe amefundishwa kukubali fimbo. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kumalizwa na polisi peke yake.

Wengine watasema: sheria haihusiki na chumba cha watu wawili. Si kweli. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 14, inaiamuru serikali kupigana na ukatili juu ya mwanamke katika maisha ya mbele ya watu na katika maisha ya ndani. Kanuni ya makosa, ambayo iko tangu 1940, inamwazibu kila mtu anayempiga mwenzake, na haikuandika popote «isipokuwa bibi yake». Kifungu cha 46 kinatoa siku 8 hadi miezi 6 ya kifungo kwa mapigo. Kifungu cha 47 kinapandisha hadi miaka 2 mpaka 5 kama mapigo yameleta ugonjwa, yamemzuia mtu kufanya kazi, ao yamemfanya apoteze matumizi ya kiungo. Mkono uliovunjika si neno la familia tena, ni faili.

Wanaume wanapenda kukumbusha kifungu cha 444 cha kanuni ya familia, kinachosema bwana ni kichwa cha nyumba. Wasome mpaka mwisho: kifungu hichohicho kinamtaka amlinde bibi yake. Na sheria ya Julai 2016 iliyorekebisha kanuni hiyo ilimwondolea mwanamke aliyeolewa lazima ya kuomba ruhusa ya bwana kabla ya kufanya mambo yake ya sheria.

Lakini ni kweli pia kama kuna shimo. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono haikutaja waziwazi nguvu ambayo bwana anatumia kwa bibi yake. Na Kongo haina sheria ya pekee juu ya ukatili wa nyumbani, wakati majirani wanazo: Rwanda tangu 2008, Uganda tangu 2010, Kenya tangu 2015, Burundi tangu 2016. Mwanamke Mrundi aliyekimbilia Lusenda ao Mulongwe alivuka mpaka akaacha nyuma sheria ambayo dada yake Mkongomani wa Baraka hana.

Kwa sababu ya shimo hilo, kesi inaenda mahali ilipokwenda siku zote: kwa familia. Kwa Babembe, wazee wanakaa kwenye lubunga. Kwa makabila mengine ya Fizi kuna baraza la namna hiyo. Mahali hapo pamefanya kazi nzuri: pamezima vita vya mashamba, pamepatanisha koo. Lakini kwa neno la bibi aliyepigwa, mara nyingi wanaokaa ni wanaume, wanaosema ni wanaume, na yule aliyeumizwa anangojea jikoni kusikia walichoamua. Wanaamua faini: mbuzi, ao pesa kidogo, ao kinywaji. Mbuzi anachinjwa, wazee wanakula, bwana anaonywa. Mwanamke anarudishwa kwake jioni ileile, na anayerudi naye nyumbani ni mtu ambaye amepata aibu mbele ya watu na ana hasira mpya.

Mtu asimcheke mwanamke anayerudi. Ana sababu zake. Baba yake alipokea mali, na mali hiyo imekwisha kutumika kumuoa kaka yake. Akikimbia ndoa, familia nzima inaogopa kudaiwa. Shamba la mihogo liko kwenye udongo wa ukoo wa bwana. Watoto, kwa desturi, wanahesabiwa upande wa baba. Ndagala anazouza zilinunuliwa kwa deni. Na kama ni mkimbizi wa ndani aliyefika juzi, hana hata ndugu mmoja wa kulala kwake. Anayemwambia «toka tu» bila kumuonyesha pa kwenda, naye hajamsaidia.

Miaka hii mambo yamekuwa magumu zaidi. Mnamo Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, na mashirika mengi yaliyokuwa yanategemea pesa hizo yalifunga kazi ao kuipunguza. Mnamo Februari 2025 mji wa Bukavu uliangukia mikononi mwa M23. Huko ndiko iko hospitali ya Panzi, ambako daktari Denis Mukwege na wenzake wametibu wanawake walioumizwa tangu 1999. Kwa mama wa Fizi, njia ya kufika huko ilikuwa ndefu na ya gharama hata kabla ya vita hivi.

Watu wa Fizi wameona miradi mingi. Mradi unakuja na fulana, unafanya mafunzo ya siku tatu, unafungua nyumba ya kusikiliza wanawake. Pesa inakwisha, funguo inarudishwa. Mwanamke aliyezoea kwenda pale kila Alhamisi anakuta mlango umefungwa. Si kosa la waliofanya kazi pale. Lakini ni onyo: msaada uliojengwa juu ya pesa ya miezi 12 unaanguka mwezi wa 13. Jirani haondoki mwezi wa 13.

Na vikundi vipo tayari. Hakuna kartie ya Baraka isiyo na kwaya ya mama, chama cha mama Waislamu ao umoja wa wachuuzi. Kuna likelemba. Kuna vikundi vya akiba na mikopo ambavyo vinakutana kila wiki. Kuna relais communautaires wa vituo vya afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Kuna wakunga wanaojua mwili wa kila mama wa kijiji. Watu hawa wanaona majeraha kabla ya daktari. Kinachokosa ni kanuni: wafanye nini, na wasifanye nini. Kanuni hizo zinaweza kuwa tano, na hakuna hata moja inayodai mamilioni.

Ya kwanza: mwanamke aliyekimbia usiku asirudishwe usiku huo. Kila kartie na kila kijiji kichague nyumba mbili ao tatu za watu wanaoheshimiwa, ambamo mama na watoto wake wanaweza kulala bila kuulizwa maswali mengi. Wala si lazima liwe jengo jipya. Ni mkeka, blanketi na mlango unaofungwa. Wenye nyumba hizo wasijulikane kwa kila mtu, na shefu wa kartie awalinde wasije wakashambuliwa.

Ya pili: hospitali kabla ya baraza. Majeraha yanaonwa leo, kesho yamefifia. Kama kulikuwa kulazimishwa kingono, hata na bwana mwenyewe, kuna saa 72 tu za kuanza dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi, na siku 5 za kuzuia mimba. Wazee wakikaa siku nne kujadili mbuzi, saa hizo zimekwisha. Anayemsindikiza mama kwenye kituo cha afya asubuhi amefanya kazi kubwa kuliko hotuba kumi za tarehe 8 Machi.

Ya tatu: siri. Hapa vikundi vya jamii vina udhaifu wao, na ni lazima kusema. Mama anafungua roho yake kwa dada wa kwaya. Jumapili kwaya nzima inajua. Jumatatu bwana anajua, na mapigo yanaongezeka. Kwa hiyo isiwe kila mtu. Kila kikundi kichague mama wawili wanaojua kufunga mdomo, na atakayetoa siri aondolewe kwenye kazi hiyo bila huruma. Na wasiende kumgombeza bwana usiku uleule kwa kudhani wanasaidia. Hasira yake itamwangukia aliyesema.

Ya ine: mwanamke asemeshwe mwenyewe. Kama familia inataka kukaa, ikae. Lakini yeye awe ndani, pamoja na mwanamke mwingine aliyemchagua, na lubunga isikate neno asilolikubali. Na kuwe na mpaka ambao baraza haliuvuki: mfupa uliovunjika, panga, ubakaji, mtoto aliyeumizwa, tisho la kuua. Hayo yanakwenda kwa polisi na kwa mwendesha mashtaka. Shefu anayepokea mbuzi ili kumaliza ubakaji anasaidia kuficha kosa kubwa, na anajua.

Ya tano: pesa kidogo mkononi mwake. Vikundi vya akiba tayari vina sanduku la shida, kwa msiba na ugonjwa. Mapigo yaandikwe katika orodha ya shida. Pesa ya moto mpaka hospitalini, ya chakula cha wiki mbili, ya kuanza upya kuuza mihogo ao ndagala: hicho ndicho kinachomwezesha mwanamke kuchagua. Akirudi kwake, arudi kwa kupenda, si kwa njaa.

Kuna watakaopinga. Watasema huku ni kuvunja ndoa za watu. Lakini jirani anayefungua mlango usiku hajavunja ndoa. Ameikuta imevunjwa na ngumi. Nyumba nyingi zingepona kama mtu angesimama siku ya kofi la kwanza, kabla ya panga la mwisho. Watasema pia kama ni mawazo ya wageni. Wamwulize bibi yeyote mzee wa Fizi: zamani mwanamke aliyeonewa alijua kukimbilia kwa shangazi ao kwa wajomba zake, na bwana alilazimika kwenda kumtafuta kwa heshima na kujieleza. Vita, kukimbia na umaskini vilitawanya shangazi na wajomba. Kazi ya leo ni kujenga tena kimbilio hilo, mahali ukoo haupo karibu.

Wengine watauliza kama mambo haya yanaweza kufaulu kweli. Jibu liko Kampala. Katika kartie za Makindye na Rubaga, shirika Raising Voices na wenzake walifundisha watu wa kawaida, wanaume na wanawake, kuzungumza na majirani wao juu ya nguvu ndani ya nyumba. Mpango huo waliuita kwa neno la Kiswahili, SASA. Watafiti walioufuata kati ya 2008 na 2012 waliona kama katika jamii zilizofanya kazi hiyo, mapigo ya wanaume kwa wenzi wao yalikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko katika jamii ambazo hazikuifanya. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa mahali palepale: wachuuzi, vijana wa kartie, polisi wa mtaa, watu wa dini.

Somo la Kampala ni kama wanaume wawe ndani ya kazi hii pia. Mwanamume wa Baraka hatamsikiliza sana mfanyakazi wa mradi. Atamsikiliza mvuvi mwenzake wanapongoja mwezi upotee ili watoke ziwani, ao mwenzake wa moto kwenye parking. Siku wanaume wanaokunywa lutuku pamoja watakapomwambia mmoja wao «bwana, jana tulikusikia, na haikutupendeza», mambo yataanza kugeuka. Hakuna aibu inayoshinda aibu ya mbele ya rafiki.

Hayo yote hayaiachilii serikali. Jirani si polisi, na hapaswi kubeba mzigo wa serikali kwa mikono mitupu. Hata China, inchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, iliona shida hiyohiyo ya «neno la nyumbani». Tangu tarehe 1 Machi 2016 inayo sheria ya kupinga ukatili wa nyumbani: hakimu anaweza kumkataza bwana kumkaribia bibi yake, anakata neno ndani ya saa 72, ao saa 24 kama hatari ni kubwa, na kama mama hawezi kuomba mwenyewe, kamati ya kijiji inaweza kumwombea. Jirani na sheria wanashikana mikono. Wabunge wa Kivu ya Kusini wangeweza kupeleka Kinshasa wazo la namna hiyo, na shefu wa kijiji cha Fizi angepata karatasi ya kutumia badala ya mbuzi.

Wakati sheria hiyo inangojewa, kuna mambo ambayo hayangoji kura. Cheti cha daktari kwa aliyepigwa kitolewe bure, sawa na dawa ya kwanza. Kituo cha polisi kiwe na mwanamke wa kupokea wanawake, na asiulizwe mlalamikaji pesa ya karatasi ao ya mafuta ya moto. Mahakama inayotembea, ambayo Baraka iliiona 2011 kwa askari, ije pia kwa kesi za nyumbani za Lulenge, Ngandja, Mutambala na Tanganyika, kwa maana mama wa milimani hatashuka siku mbili kwa miguu kwenda kutafuta hakimu.

Mama mzee wa robine hana haja ya kunyamazishwa. Ana haja ya neno lingine. Badala ya «vumilia», aseme: «Leo utalala kwangu. Kesho asubuhi nitakusindikiza kituo cha afya. Kisha hapo utaniambia wewe mwenyewe unataka nini.» Kama kila kartie ya Baraka na kila kijiji cha Fizi kina mama wawili wa kusema hivyo na mwanamume mmoja wa kusimama nao, ile taa ya paseli ya pili haitazimwa tena wakati kelele zinaanza. Itawashwa, na mlango utafunguliwa.